Nani Ameitwa Mkutanoni

Matatu za Lucky Summer, mtaa wetu wa Nairobi, zina jina la sacco, yaani chama cha ushirika, ubavuni, karibu na ule mstari wa manjano, na mgeni akipanda hudhani mwenye sacco ni yule kijana anayening'inia mlangoni akiita "Baba Dogo, Lucky, mbao!" Nimekuwa kijana huyo. Shati langu la maruni lilikuwa na jina la sacco mfukoni, na wakati wote nilioifanyia kazi njia ile sikuwahi kuwa mwanachama. Dereva wangu hakuwa, kamagera wa stejini hakuwa. Mwanachama alikuwa mwenye gari.

Mwaka mmoja mkutano mkuu ulifanyika katika ukumbi wa kanisa upande wa Kasarani. Tuliwaleta wenye magari mpaka getini, tukaambiwa tubaki nje tuchunge. Joto lilikuwa kali na madirisha yalikuwa wazi, nami nikasimama chini ya moja nikila mahindi ya kuchoma. Mzee mmoja mwenye gari mbili, mtu mpole ambaye stejini hata salamu aliitoa kwa sauti ya chini, aliinuka na karatasi ya hesabu mkononi. "Hapa mmeandika matumizi mengineyo, laki mbili na nusu. Mengineyo gani?" Mwenyekiti akaanza kueleza jinsi inavyobidi kuishi vizuri na wakubwa wa barabarani. Mzee akamsubiri amalize, akauliza tena vilevile: "Mengineyo gani?" Watu wakacheka, kisha hawakucheka tena. Kabla soda hazijagawanywa, mikono ilikuwa imeinuliwa na mwenyekiti alikuwa ameshuka jukwaani. Hakuna aliyepigwa na hakuna aliyeitiwa polisi.

Jioni ile ile konda wa mzee huyo alimpelekea hesabu ya siku, kile kiasi anachopanga mwenye gari, naye akaipokea kama kawaida. Hesabu haina mkutano. Barabara ikifungwa na maandamano, hesabu ni ile ile. Trafiki wakila hongo mara nne kati ya Allsopps na Ngara, ni ile ile. Kinachobaki ndicho mshahara wa konda na dereva, na kisipobaki, basi. Mwenye gari mchana alikuwa raia wa jamhuri ndogo yenye kura na ukaguzi, na usiku alikuwa chifu wa mkoloni. Sikumchukia. Nilishangaa tu kwamba mtu mmoja anaweza kuwa hao wawili kwa siku moja bila kujikwaa.

Sacco hizi hazikuota zenyewe. Mzee Kenyatta aliziruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu mwaka 1973, na kwa muda mrefu njia ilikuwa ya mwenye nguvu. Kwetu Eastlands nguvu hiyo ilikuwa na mapanga. Anayeishi Lucky Summer hahitaji kukumbushwa Kariobangi Kaskazini, usiku wa Machi 3, 2002, makundi ya mtaani ya Mungiki na Taliban yalipopigana na watu zaidi ya 20 wakauawa; baadhi yetu tuliokuwa wadogo wakati ule bado tunapita mitaa ile kwa haraka. Februari 2004 zikaja sheria za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, sare, na pia sharti kwamba dereva na konda waajiriwe kwa kudumu. Mikanda ilifungwa. Sharti la ajira ndilo lililosahaulika kwanza. Mwaka 2010 serikali ikasema haitampa leseni mwenye gari mmoja mmoja, lazima awe ndani ya sacco au kampuni, na kanuni za 2014 zikaweka wazi kiwango cha chini cha magari 30.

Hapo ndipo wenye magari walipopata sauti. Mtu wa gari moja alikuwa wa kutoa tu: kwa kanjo, kwa trafiki, kwa vijana wa stejini. Akiwa ndani ya kundi la magari 30, ana wakili, ana barua yenye muhuri, na waziri akitaka kubadili kitu anamwita kikaoni kwanza. Ndiyo sababu siwaamini wanaosema ushirika ni mambo ya pesa tu, na siasa tuwaachie wanasiasa. Nimeona kwa macho yangu ushirika ukiwapa watu nguvu ya siasa ndani ya miaka michache. Ila ulimpa yule aliyekuwa ndani ya ukumbi. Sisi tuliokuwa chini ya dirisha, ambao ndio tuliokuwa tukifanya kazi yenyewe, tulibaki na sare mpya.

Gari nililofanyia kazi lilipouzwa, nilikaa nikipiga skwodi, kushikia wenzangu zamu, hapa na pale, kisha nikaingia kwenye kazi ya taka.

Watu wa mitaa mingine huona haya kulisema hilo. Lucky Summer hatuna haya nalo sana, maana upepo ukigeuka kutoka Dandora kila mtu anajua tunaishi karibu na nini. Jaa lile la taka lipo tangu miaka ya 1970, mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa, na mpaka leo malori yanaingia. Kaunti haifiki kwenye ploti zetu za ndani, kwa hiyo vijana na akina mama wa mtaa ndio wanaozoa. Kikundi nilichoingia kilikuwa na mikokoteni, magunia, mabuti ya mpira yasiyotosha watu wote, na cheti cha kikundi cha kujisaidia kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii. Kila nyumba ilitoa shilingi mia kwa mwezi. Chupa, mitungi na vyuma tulivichambua pembeni na kumuuzia broka kwa kilo, naye alivipeleka Kariobangi Light Industries.

Mweka hazina alikuwa mama aliyewahi kuuza mboga, na alikuwa na daftari kubwa lenye gamba gumu. Juu ya gamba aliandika kwa kalamu nyekundu: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Jumapili saa tisa tulikaa juu ya mitungi iliyopinduliwa, nje ya kibanda cha magunia, naye akasoma yote kwa sauti. Fulani alifanya kazi siku tano. Gurudumu la mkokoteni, mia nane. Mabuti jozi mbili. Nyumba ya mwisho ya ploti ya kona haijalipa mwezi wa pili. Kilichobaki baada ya gharama na akiba kiligawanywa kwa siku za kazi, kila siku alama moja.

Mgogoro wa kwanza niliouona pale ulikuwa juu ya alama hizo. Vijana waliovuta mkokoteni walitaka alama moja na nusu, kwa sababu mteremko wa kwenda mtoni si mchezo na mlima wa kurudi ndio usiseme. Akina mama waliokusanya pesa mlango kwa mlango wakauliza kama kuna kijana aliyewahi kutukanwa na mpangaji mlevi saa moja asubuhi mbele ya watoto wake. Jumapili ikaisha. Jumapili ya pili ikaja, mambo ni yaleyale. Mtu mmoja akapendekeza wabadilishane kazi kwa wiki moja ili waone. Wakabadilishana. Vijana walirudi na nusu ya pesa iliyotarajiwa, na mmoja alikuwa amefukuzwa na mbwa wa landilodi. Mjadala ukafungwa: alama moja kwa wote.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi bila hata mara moja kuulizwa naonaje kuhusu malipo yangu. Pale nililazimika kuwa na maoni, na zaidi ya hapo, nililazimika kuyatetea mbele ya mama aliyejua kuhesabu kuliko mimi. Kuna uchovu wake. Mara nyingine ilikuwa Jumapili, mvua inanyesha, Gor Mahia wanacheza, na sisi tunabishania bei ya glavu. Ukinisikia nasifu vikundi hivi, jua kwamba sijasahau jinsi vinavyochosha.

Halafu ikaja habari ya mwenyekiti. Alichukua pesa za magunia akazitoa mchango kwenye harambee ya mwanasiasa mmoja, kwa jina la kikundi, bila kutuuliza. Mweka hazina alisoma mstari huo kama alivyosoma mstari wa gurudumu, hakupandisha sauti. Mwenyekiti alijitetea vizuri, na wala hakusema uongo: alisema mheshimiwa huyo akishinda atatukumbuka. Mikono ikainuliwa, akaondolewa, akapangiwa kurudisha pesa kidogo kidogo kutoka kwenye alama zake. Kilichonishika ni Jumatatu yake. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi akiwa amevaa mabuti, akashika mkono wa kushoto wa mkokoteni, mimi nikashika wa kulia, tukaenda. Katika nchi yetu sikuwa nimewahi kuona kiongozi aliyeng'olewa akarudi kazini na watu waliomng'oa, bila kwenda mahakamani, bila kuhama chama, bila kusema ni kabila lake lililolengwa.

Kampeni za 2017 zilipopamba moto, alikuja mgombea mmoja wa kiti cha wadi. Sitamtaja, maana wenzake wote walifanya hivyo hivyo. Alitukuta Jumapili, akashuka kwenye gari na vijana wake, akasema ametuona tukijituma, akatoa noti zimekunjwa akampa mweka hazina "za soda". Mama akazihesabu mbele ya watu: elfu kumi. Akafungua daftari. Akauliza, "Niandike ni mchango, ama mkopo, ama malipo ya kazi?" Mgombea akacheka. Mama hakucheka. "Na jina niandike lipi? Utatia sahihi hapa, mheshimiwa, ndiyo Jumapili nikisoma watu wajue." Yule mgombea aliangalia kalamu kama imetiwa sumu. Akasema haina haja ya kuandikana, sisi ni watu wa nyumbani. Mama akamrudishia noti zake kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamwambia akiwa tayari kuandikwa atukute wiki ijayo.

Wengine walikasirika, nami sikuwa mbali nao. Elfu kumi ni pesa. Lakini hongo ya kampeni hupita vizuri gizani, kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akiwa peke yake na shida zake. Ikiwekwa kwenye daftari linalosomwa kwa sauti inapoteza makali. Hakuna aliyetufundisha elimu ya uraia pale. Tulikuwa tumezoea tu kwamba pesa ikiingia inaandikwa, na desturi hiyo ikamkuta mgombea njiani.

Miezi kadhaa baadaye, kaunti iliita wakazi watoe maoni juu ya bajeti, kama Katiba ya 2010 inavyotaka. Mikutano hiyo kwa kawaida hujaa watu waliopangwa, hupigwa makofi, husomwa orodha, watu huenda nyumbani. Watatu wetu tulienda. Afisa aliposoma kifungu cha usafi wa mazingira, mwenzangu mmoja, kijana ambaye shule aliacha darasa la saba, akainua mkono akauliza hilo fungu ni la wadi ngapi, na lori la kwetu liko wapi. Aliuliza kwa sauti ileile ya Jumapili. Afisa alitafuta karatasi, akaitafuta tena. Lori halikuja, nisikudanganye. Lakini mwaka uliofuata watu wa ploti walikuja wenyewe kutuuliza mkutano wa bajeti ni lini.

Wazee wetu waliujua mlango huu wa kutoka kwenye ushirika kuingia siasani kabla yetu. Jaramogi Oginga Odinga alianza na shirika la akiba na biashara, Luo Thrift and Trading Corporation, lililosajiliwa 1947. Alizunguka akiwauzia hisa wafanyakazi Waluo mpaka nje ya Kenya, akiwaambia kwamba wale wanaodhaniwa hawawezi kuendesha duka wataliendesha. Shirika likawa na kiwanda cha uchapaji, na mashine ya uchapaji katika koloni ni siasa hata ukichapa kalenda. Mwaka 1957 mtu huyo alikuwa Legco, baraza la kutunga sheria la koloni. Uganda, Ignatius Musazi aliwapanga wakulima wa pamba na kahawa wauze mazao yao wenyewe; umoja wao ukapigwa marufuku baada ya ghasia za 1949, na mwaka 1952 akaanzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa nchini humo. Mwanza, Paul Bomani alitoka kwenye ushirika wa wakulima wa pamba akaja kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika huru.

Ninapowasoma hawa nawavulia kofia, kisha najiuliza kuhusu wale waliobaki kwenye mizani ya pamba baada ya kiongozi kupanda. Vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania, vyenye historia ya tangu KNCU ya Kilimanjaro mwaka 1933, vilivunjwa na serikali kwa tamko moja mwaka 1976. Wakati huo vingi vilikuwa vimeota ubadhirifu na ukubwa, na wakulima wengi hawakujisikia kuvipigania.

Walioniingia moyoni zaidi ni wale wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Vijana wa chama cha TANU, akiwemo Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakalima pamoja na kuamua mambo yao wenyewe mkutanoni, na chama chao cha maendeleo kikafikia vijiji 17, na mashine yao ya kusaga Songea. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu, na ujamaa wa vijijini alioutangaza mwaka 1967 ulifanana sana na walichokuwa wakifanya tayari. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho. Hawakuwa na bunduki wala chama cha upinzani. Walikuwa na mkutano ambao mkubwa wa mkoa akija alikaa kama mgeni. Nikisoma habari zao naiona kalamu ya mama yule, na uso wa mgombea.

Sisemi kila kitu chenye jina la ushirika kina dawa hiyo ya daftari na mkutano. Kenya tumejaa sacco kuliko nchi nyingi za Afrika, na bado mwanzoni mwa 2025 tulisoma ukaguzi wa KUSCCO, mwamvuli wa sacco zenyewe, ulioonyesha shimo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Nina kadi ya sacco moja ya akiba. Mkutano wake mkuu ninaupenda kwa sababu wanatoa mwavuli, fulana na nauli, na ajenda ya hesabu huwa inafika wakati wa chakula. Wanachama tuko maelfu na tuna pesa zetu pale, ila kazi yetu haiko pale. Hatujuani. Ukikaa na mtu juu ya mtungi kila Jumapili na unajua mgongo wake unamuuma upande gani, kumuuliza pesa imeenda wapi ni jambo la kawaida. Ndiyo maana nasisitiza anayefanya kazi ndiye awe mwenye chombo, kama wale wachongaji Wakamba wa Changamwe, Mombasa, ambao tangu 1963 wana ushirika wao na mwanachama ni yule mwenye tezo mkononi.

Na hata hapo ugonjwa wa dirisha huingia. Kikundi chetu kilipata ploti nyingi zaidi, hasa baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017 na magunia yetu kuhitajika. Kazi ikazidi. Wanachama wa zamani, magoti yakiuma, wakaanza kuchukua vijana kutoka Korogocho kuvuta mkokoteni kwa malipo ya siku. Mia tatu, asubuhi hadi mchana, kwaheri. Jumapili vijana hao hawakuitwa. Siku moja nikiwa natoka kwenye kikao nilimkuta mmoja amesimama nyuma ya kibanda, anasikiliza, anakula mahindi.

Nililisema hilo Jumapili iliyofuata, na halikupokelewa vizuri. Mzee mmoja aliniuliza kama nataka watoto wa jana waje wagawane akiba ya watu waliovuta taka tangu mikokoteni ikiwa miwili. Swali la haki kabisa. Tulikuwa tukijiandaa wakati huo kuacha cheti cha kujisaidia tujisajili kama chama cha ushirika kamili. Sheria inataka watu wasiopungua kumi, katiba ndogo, na kura moja kwa kila mwanachama awe na hisa nyingi au chache. Ikabidi tuandike kwenye katiba hiyo nani ni mwanachama. Hoja ile ilikula Jumapili nyingi kuliko ile ya alama. Mwisho tukakubaliana: anayefanya kazi miezi sita mfululizo anaruhusiwa kuomba, analipa kiingilio kwa kukatwa kidogo kidogo, akiba ya zamani inabaki ya walioiweka, na ya kuanzia siku hiyo ni ya wote. Kura zilipita kwa tofauti ndogo. Yule mzee alipiga ya kupinga, na bado anakuja, na bado anapinga.

Kijana wa kwanza kuingia kwa kipengele hicho ni yule wa nyuma ya kibanda. Katika mkutano wake wa pili alitaka kujua kwa nini lori la kukodi tunalilipa zaidi siku za mvua, na ni nani aliyekubaliana na dereva. Mwenyekiti wa sasa alisema atalileta jibu wiki ijayo. Kijana akasema dereva anakaa hapo nyuma ya kioski, apigiwe simu sasa hivi, iwekwe spika.